Jinsi ya Kupima Mtiririko wa Damu Kwenye Ubongo wa Mtoto Mchanga

Mtoto anapozaliwa kabla ya wakati, au anapozaliwa amechoka na kuchelewa kulia, daktari wa wodi ya watoto wachanga hutaka kujua mapema iwezekanavyo kama damu inaufikia ubongo wake inavyostahili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari, maafisa kliniki, wauguzi na wataalamu wa picha wa hospitali za Kisumu, Siaya, Kakamega, Bungoma na Nakuru, ambao mashine ya altrasaundi wanayo, au huiazima kutoka wodi ya wazazi, lakini hawajazoea kuitumia kichwani mwa mtoto. Hauchukui nafasi ya mafunzo ya mkono kwa mkono chini ya mtu aliyebobea. Unaeleza kinachopimwa, namna ya kukipima, na mahali ambapo kipimo kinaweza kukupotosha.

Nambari yenyewe si ngumu kuipata, kwa maana mashine yoyote yenye Doppler, yaani kipimo cha kasi ya damu kwa mawimbi ya sauti, itakupa nambari hata ukiishika vibaya. Kazi kubwa ni kuhakikisha kwamba nambari ile imetokana na ubongo wa mtoto, wala si na uzito wa mkono wako, kilio chake, au namna mashine ilivyotegeshwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu maandalizi na mkono.

Kwa nini tuanze na altrasaundi

Zipo njia kadhaa za kupima damu ya ubongo, na nyingine nitazieleza baadaye, lakini kwa mtoto mchanga altrasaundi ndiyo hutangulia. Haina mionzi, haihitaji sindano wala dawa ya usingizi, na hufanyika mtoto akiwa ndani ya inkubeta au kifuani mwa mama yake. Zaidi ya hayo, kichwa cha mtoto mchanga kina mlango ambao kichwa cha mtu mzima hakina: utosi wa mbele, ile sehemu laini inayodunda juu ya kichwa, ambayo bado haijafunikwa na mfupa na ambayo kwa watoto wengi hufunga kati ya miezi 9 na 18. Mawimbi ya sauti hupenya hapo bila kizuizi, na kipimo cha Doppler kupitia utosi kimekuwa kikitumika kwa watoto wachanga tangu mwaka 1979.

Kanuni yake ni ile aliyoieleza Christian Doppler mwaka 1842. Sauti inayogonga kitu kinachosogea hurudi ikiwa na masafa tofauti na yale iliyoondoka nayo, na kadiri kitu kinavyokwenda kasi ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Hapa kitu kinachosogea ni chembe nyekundu za damu. Kwa hiyo, kwa usahihi wa maneno, Doppler hupima kasi ya damu, haipimi kiasi chake. Ukitazama Mto Nyando na kuona maji yakienda mbio, bado hujajua ni maji kiasi gani yanayopita mpaka uujue pia upana na kina chake. Ateri, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, katika ubongo wa mtoto mchanga ni nyembamba mno kiasi kwamba upana wake hauwezi kupimwa kwa uhakika kitandani, na kwa sababu hiyo tunategemea kasi, pamoja na uwiano kati ya kasi ya juu na ya chini, kukisia hali ya mtiririko. Msomaji akilishika hili, hatashawishika kuandika katika faili kwamba "damu ya ubongo ni ya kutosha" kwa sababu tu ameona mawimbi mazuri kwenye kioo.

Kumwandaa mtoto, mama na mashine

Anza na mama. Mama anayeona mashine ikisukumwa kuelekea kwa mtoto wake, kisha mtu akipaka jeli juu ya utosi, ana haki ya kuogopa, hasa kwa kuwa tangu utotoni ameambiwa utosi usiguseguswe. Mweleze kwa sauti ya kawaida: "Mama, tunataka kuangalia jinsi damu inavyopita kichwani mwa mtoto. Haiumi, na hakuna mionzi. Unaweza kukaa hapa umshike mkono." Mtoto akiwa katika kangaruu, yaani amefungwa ngozi kwa ngozi na mama, na hali yake ni tulivu, mwache hapo hapo kifuani, kwa maana mara nyingi atatulia zaidi kuliko akilazwa peke yake.

Mtoto awe ameshiba na amelala, au angalau ametulia. Kilio hubadilisha shinikizo la kifua, mapigo ya moyo na kiwango cha kaboni dioksidi katika damu, na vyote vitatu hubadilisha kipimo. Kaboni dioksidi inastahili kutiliwa mkazo wa pekee: ikipanda, mishipa ya ubongo hutanuka na damu huongezeka, ikishuka, kwa mfano kwa mtoto anayepumuliwa na mashine kupita kiasi, mishipa hujikunja na damu hupungua. Kichwa kikae katikati, pua ikielekea juu, kwa kuwa kukigeuza sana upande mmoja kunaweza kubana vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, ya shingo ya upande huo.

Halafu joto. Mtoto wa chini ya gramu 1500 hupoteza joto haraka mno mlango wa inkubeta unapofunguliwa. Pasha jeli moto kidogo, tayarisha kila kitu kabla ya kufungua, fungua dirisha dogo la mkono badala ya mlango mzima, na joto lake libaki kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Jeli nayo iwe ya pakiti ndogo isiyo na vijidudu, itumike kwa mtoto mmoja tu. Ile desturi ya kujaza tena chupa kuukuu ya jeli kutoka kwenye dumu kubwa ni hatari ya kweli katika wodi hizi, maana bakteria hustawi humo, na mtoto njiti hana kinga ya kupigana nao. Probu, yaani kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi, ipanguswe kwa dawa iliyoruhusiwa na mtengenezaji kabla na baada ya kila mtoto. Si kila probu hustahimili spiriti.

Chagua probu ndogo ya masafa ya megahezi 5 hadi 10, yenye uso unaotosha juu ya utosi. Punguza nguvu ya mashine kabla ya kuanza. Kona ya kioo huonyesha vielezo viwili vya usalama, kimoja cha joto na kingine cha msukumo wa mawimbi. Doppler ya mapigo hutoa nguvu nyingi kuliko picha ya kawaida kwa sababu huelekezwa mahali pamoja bila kuhama, kwa hiyo weka kielezo cha joto cha fuvu chini ya 0.7 inapowezekana, na usiiache Doppler ikiendelea huku ukiandika au ukizungumza na mwenzako. Pata mawimbi, gandisha picha, inua mkono.

Kuitafuta ateri

Tanguliza picha ya kawaida ya ubongo mzima kabla ya kuwasha rangi, yaani Doppler inayoonyesha damu inayosogea kwa rangi. Angalia kama kuna damu iliyovuja ndani au kando ya vyumba vya maji, kama vyumba hivyo vimetanuka, na kama ubongo umevimba. Kwa watoto waliozaliwa kabla ya wiki 32, visa vingi vya kuvuja damu hutokea ndani ya saa 72 za kwanza, na Doppler isiyosomwa pamoja na picha hiyo haina msingi.

Kisha geuza probu mpaka upate mkato wa katikati, unaotoka paji la uso kwenda kisogo. Utauona ukanda uliopinda kama upinde unaounganisha nusu mbili za ubongo. Wataalamu huuita kopasi kalosamu. Washa rangi, na mbele ya goti la upinde huo utaona ateri ya mbele ya ubongo ikipanda kukuelekea. Hii ndiyo ateri inayofaa zaidi kwa anayeanza, kwa sababu inaelekea karibu moja kwa moja kwenye probu.

Mwelekeo huo una maana kubwa. Mashine hukokotoa kasi kwa kutumia pembe kati ya mawimbi na mshipa, na kosa dogo la pembe halina uzito sawa kila mahali. Ukidhani pembe ni nyuzi 10 kumbe ni 15, kasi utakayosoma itapotoka kwa takriban asilimia 2 tu. Ukidhani ni 60 kumbe ni 65, itapotoka kwa takriban asilimia 15, na mashine haitakuonya. Kwa ateri ya mbele baki chini ya nyuzi 20 kila unapoweza. Ateri ya kati ya ubongo hupatikana vizuri zaidi kupitia mfupa mwembamba wa kando, mbele kidogo ya sikio na juu yake, ambako nayo hukuelekea wewe.

Sasa mkono. Probu ikae juu ya jeli kana kwamba inaelea, na kidole chako kidogo au ubavu wa kiganja uegemee paji la uso la mtoto ili uzito wa mkono uchukuliwe na mfupa, usichukuliwe na utosi. Ukiubonyeza utosi, hata kidogo, shinikizo ndani ya kichwa hupanda, damu ya wakati moyo umepumzika hupungua, na kipimo huonyesha ugonjwa usiokuwepo. Njia ya kujijaribu ni kutazama mawimbi huku ukiinua mkono polepole: ikiwa sehemu ya chini ya mawimbi inapanda unapolegeza, ulikuwa unabonyeza. Mwanagenzi asihukumiwe kwa hili, maana kila mmoja hubonyeza mwanzoni. Ahimizwe tu kulitazama kila mara.

Weka kidirisha cha Doppler, chenye upana wa milimita 1 au 2, katikati ya mshipa. Kichujio cha kuta za mishipa kiwe cha chini kabisa mashine inachoruhusu, ikiwezekana hezi 50, kwa sababu kichujio kilichopandishwa hufuta kasi ndogo na kufanya damu ya mapumziko ya moyo ionekane kana kwamba haipo. Kama kilele cha mawimbi kimekatika na kutokea upande wa chini wa kioo, ongeza kipimo cha kasi au shusha mstari wa sifuri. Subiri upate mapigo 5 hivi yanayofanana, ugandishe picha, kisha upime.

Kukokotoa na kusoma

Unahitaji nambari mbili: kasi ya juu kabisa moyo unapopiga, na kasi iliyobaki mwisho wa mapumziko yake. Toa ya pili kutoka ya kwanza, kisha ugawe kwa ya kwanza. Hicho ndicho kielezo cha ukinzani, ambacho mashine hukiandika RI. Tuseme kasi ya juu ni sentimita 40 kwa sekunde na ya chini ni 12. Arobaini kutoa 12 ni 28. Gawanya kwa 40, unapata 0.70. Kwa mtoto mwingine kasi ya juu ni ile ile 40 lakini ya chini ni 20, na jibu ni 0.50. Faida kubwa ya kielezo hiki ni kwamba kosa la pembe hugusa nambari zote mbili kwa kiasi sawa, hivyo hujifuta katika kugawanya. Faida hiyo haikuondolei kazi ya kutafuta pembe nzuri, kwa kuwa mawimbi hafifu hayapimiki vizuri hata hivyo.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi, kielezo huwa karibu 0.70, kwa njiti huwa juu zaidi, karibu 0.80, na hushuka kadiri anavyokua. Tofauti ndogo isikuhangaishe. Linalohitaji kufikiriwa kwa kina ni kielezo kilichoshuka sana au kilichopanda sana.

Kielezo kilicho chini ya 0.55 kwa mtoto aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa ni dalili nzito. Mishipa yake imelegea na imepoteza uwezo wa kujirekebisha, damu inamiminika bila kizuizi, na tafiti tangu miaka ya 1980 zimehusisha hali hiyo na madhara makubwa ya ubongo baadaye. Hata hivyo kuna mambo mawili yanayosahaulika. Kwanza, dalili hii huchukua muda kujitokeza. Kipimo cha saa za mwanzo kinaweza kuwa cha kawaida kabisa, kisha kikabadilika siku ya pili. Kwa hiyo kipimo kizuri cha siku ya kwanza kisitumiwe kumpa mama uhakika ambao hakiwezi kuutoa. Pili, kwa mtoto anayepozwa mwili kama tiba, kielezo cha chini kina uwezo mdogo zaidi wa kutabiri. Kaboni dioksidi nyingi na mapigo ya moyo ya kasi pia hukishusha bila ubongo kuwa umeumia.

Kielezo kilichopanda, hasa pale damu ya mapumziko ya moyo inapotoweka au kugeuka nyuma, kina sababu nyingi zaidi. Kwa njiti, sababu ya kufikiriwa mapema ni ule mfereji ulio karibu na moyo ambao ungepaswa kujifunga baada ya kuzaliwa na haukujifunga: moyo unapopumzika, damu huvutwa kuelekea mapafuni na ubongo hunyimwa sehemu yake. Hapo tatizo liko kifuani, na mtoto anahitaji kipimo cha moyo. Kwa mtoto mwenye kichwa maji, shinikizo la ndani huzibana ateri na kielezo hupanda taratibu kati ya kipimo na kipimo. Huyo afuatiliwe kwa mfululizo, huku mzingo wa kichwa ukiandikwa, na apelekwe kwa daktari wa upasuaji mapema. Ubongo uliovimba hufanya hivyo hivyo. Kaboni dioksidi iliyoshuka na mapigo ya moyo ya polepole nayo hukipandisha. Kabla ya yote hayo, rudi ukague mkono wako na kichujio chako.

Vena hazipewi uzito unaostahili, ingawa kwa njiti aliyevuja damu ndizo huziba kwanza na kuongeza uharibifu. Ukiwa na muda, shusha kipimo cha rangi na uangalie vena za kina cha ubongo pamoja na mfereji mkubwa wa vena ulio chini tu ya utosi. Mfereji huo hufungwa na mbonyezo mdogo kabisa wa probu, kwa hiyo usiseme umeziba kabla hujaongeza jeli na kuinua mkono.

Njia nyingine, na mahali pake

Anayeweza kupima moyo kwa altrasaundi anaweza kukadiria damu inayorudi kutoka nusu ya juu ya mwili kupitia vena kuu ya juu, ambayo sehemu yake imetoka kichwani. Kwa njiti katika saa 24 za kwanza, mtiririko ulio chini ya mililita 41 kwa kila kilo kwa dakika umehusishwa na kuvuja damu kichwani. Kipimo hiki hutaka mkono uliozoea sana, na watu wawili waweza kupata majibu tofauti kwa mtoto mmoja.

Mwanga wa karibu na infraredi hutumia kibandiko kwenye paji la uso, na kuonyesha kwa mfululizo ni asilimia ngapi ya himoglobini ya ubongo iliyobeba oksijeni. Kwa kawaida ni kati ya 55 na 85. Uzuri wake ni kwamba hufuatilia saa baada ya saa bila kumgusagusa mtoto. Lakini hupima uwiano wa oksijeni, na mtiririko unakisiwa tu. Isitoshe, jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023, lililohusisha njiti 1,601 waliozaliwa mapema sana, halikuonyesha kwamba tiba iliyoongozwa na kifaa hicho ilipunguza vifo au majeraha makubwa ya ubongo. Kwa maoni yangu, hospitali ya kaunti yenye fedha chache inunue probu nzuri ya watoto na imlipie mtu mafunzo kabla ya kufikiria kifaa hiki.

MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, ndiyo hutoa kiasi halisi cha damu kwa kila sehemu ya ubongo bila mionzi. Katika mbinu inayotumika zaidi, sumaku hutia alama maji yaliyomo katika damu shingoni, mashine husubiri damu ifike kichwani, kisha picha yenye alama hulinganishwa na isiyo na alama. Kwa mtoto mchanga damu hufika polepole, kwa hiyo muda wa kusubiri hupangwa kuwa milisekunde 2000; mpangilio wa mtu mzima mwenye afya, ulio mfupi zaidi, utakupa ubongo unaoonekana hauna damu. Mtaalamu apewe pia kiwango cha damu cha mtoto, kwa kuwa wingi wa chembe nyekundu huingia katika hesabu. Mtoto hunyonyeshwa, hufungwa vizuri katika shuka, huzibwa masikio na kuachwa alale, na mara nyingi hilo hutosha bila dawa. Tatizo ni safari: MRI haiko wodini, na mtoto anayehitaji oksijeni na joto muda wote asihamishwe mpaka hali yake itulie.

Picha za CT, yaani eksirei za kompyuta, za mtiririko wa damu, na zile za dawa zenye mnururisho, hutoa vipimo pia, lakini mionzi yake haifai kwa upimaji wa kawaida wa mtoto wa umri huu. Njia za mnururisho zimebaki zaidi katika utafiti, nazo ndizo zilizotuonyesha kwamba ubongo wa njiti huishi kwa damu ya takriban mililita 10 hadi 20 kwa kila gramu 100 kwa dakika, ilhali ubongo wa mtu mzima hupata karibu 50.

Kwa wenzetu wa ukanda wa Ziwa Victoria kuna sababu ya ziada ya kujifunza Doppler ya kichwa. Watoto wenye selimundu ni wengi huku, na kuanzia umri wa miaka 2 hadi 16 hupimwa ateri za ubongo kupitia mfupa wa kando ya kichwa; kasi ya wastani inayofikia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi huonyesha hatari kubwa ya kiharusi, jambo lililothibitishwa na jaribio lililochapishwa mwaka 1998. Kipimo hicho hakifanywi kwa mtoto mchanga, ambaye bado analindwa na himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama, lakini mkono unaohitajika ni ule ule.

Kuandika majibu

Ripoti yenye RI peke yake haimsaidii daktari wa zamu ya usiku. Andika umri wa mimba na umri wa mtoto kwa saa, uzito, ateri uliyopima na dirisha ulilopitia, utosi au mfupa wa kando, kasi zote mbili, RI, pembe, na kiwango cha kichujio. Kisha andika hali ya mtoto wakati ule ule: alikuwa amelala au analia, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, oksijeni, kaboni dioksidi ikiwa imepimwa, dawa za degedege au za moyo anazopewa, na kama anapumuliwa na mashine. Hifadhi picha moja iliyogandishwa katika mashine na nyingine katika faili, ili atakayepima kesho aanze na ateri ile ile kwa pembe ile ile. Kielezo kikiwa chini ya 0.55, au damu ya mapumziko ya moyo ikiwa haipo au imegeuka nyuma, rudia kipimo baada ya dakika chache ukiwa umelegeza mkono. Kikibaki vile vile, mpigie daktari wa watoto saa hiyo hiyo, usiache karatasi mezani ikisubiri raundi ya asubuhi.